Uchumi Darasani: Je, Tunafundisha Pia Haki?



Ndugu wapendwa, wazazi, walimu na viongozi wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo,

Watoto wetu hufundishwa kwamba bidhaa ikiwa nyingi bei hushuka, na ikiadimika hupanda. Ni kweli, nao wanapaswa kulijua hilo. Lakini anayeishia hapo atadhani bei ni kama mvua: hushuka yenyewe, wala hakuna wa kuulizwa. Kanisa halifundishi hivyo. Mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, Papa Leo XIII alieleza kwamba patano la mshahara haliwi la haki kwa sababu tu mfanyakazi amelikubali. Aliyebanwa na shida hukubali hata la kumdhulumu.

Tuchukue mfano ambao kila mtoto wa mkulima anaujua: lumbesa. Tutumie njia ya Kuona, Kuamua na Kutenda, ambayo Papa Yohane XXIII aliipendekeza mwaka 1961 katika waraka Mater et Magistra.

Kwanza, kuona. Mwalimu aandike ubaoni: mkulima ameuza magunia 10 kwa bei ya kilo 100 kila moja, shilingi 60,000. Kila gunia limeongezewa kilo 20 juu. Wanafunzi wapige hesabu: kilo 200 zimeondoka bure, yaani shilingi 120,000. Kisha waulize kwa nini mkulima alikubali. Watajibu wenyewe: ada, deni la mbolea, kukosa ghala.

Pili, kuamua. Wasome Walawi 19:35-36 na Amosi 8:5. Amosi awakemea wauzaji waliopunguza kipimo. Hapa mnunuzi ndiye anayekikuza, lakini dhambi ni ile ile.

Tatu, kutenda. Hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Katika shule moja tuliyoihudumia, baada ya somo hili kijana wa kidato cha pili alituuliza kwa adabu: “Padre, mahindi ya jikoni kwetu yamenunuliwa kwa kipimo gani?” Tulikwenda stoo. Yalikuwa ya lumbesa. Tulinyamaza siku mbili kwa aibu. Kisha tulinunua mizani, tukalipia kila kilo, na fedha zilipopungua tukaahirisha kupaka rangi ofisi yetu.

Siku hiyo hiyo msichana mmoja alilia, kwani baba yake hununua mazao na ada yake hutoka humo. Hatukumhukumu mzazi mbele ya mtoto. Tulimwambia kwamba naye mfanyabiashara hubanwa na gharama za usafiri na ushuru, lakini kubanwa hakumpi ruhusa ya kumbana aliye dhaifu kuliko yeye. Mwalimu aunde dhamiri, asimwaibishe mtoto.

Ndugu zangu, mtoto husikiliza somo kwa sikio moja, na kwa jicho hutazama stoo yetu. Tukifundisha haki na kununua kwa dhuluma, atajifunza dhuluma.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Katika kijiji chetu, nani hupanga kipimo cha mazao?
2. Parokia na shule zetu hununuaje chakula, na huwalipaje vibarua?
3. Je, wakulima wetu wanaweza kuchanga wakapata mizani na ghala la pamoja?

Amani ya Kristo iwe nanyi.