Kanisa Lililoungua Asubuhi ya Jumapili

Somo: Isaya 64:8–12

Mwenye Biblia na afungue kitabu cha nabii Isaya, sura ya 64. Hapo watu wa Mungu wanamlilia Bwana kwa ajili ya nyumba yao. Wanamweleza kwamba mahali pale walipopapenda, ambapo baba zao walimsifu, moto umepala. Tazameni kwamba hawasemi nyumba ile haikuwa kitu. Wanamwonyesha Mungu majivu yenyewe.

Leo tutakwenda mbali kidogo, mpaka mji wa Toronto katika nchi ya Kanada. Jumapili tarehe 9 Juni 2024, kabla ya saa mbili asubuhi, wakati watu wengi wa parishi ya Kianglikana ya St. Anne walikuwa bado nyumbani, moto ulishika kanisa lao. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini asubuhi ile ile kuba kubwa iliyofunika kanisa ilianguka, na mengi yaliyokuwa ndani yakawa masizi na maji. Kuta za matofali zilibaki zimesimama, bila paa.

Sisi tumeliona kanisa hilo kwa picha tu. Hata hivyo tumelifikiria mara nyingi, kwa sababu lilijengwa kwa namna ambayo Waanglikana hawakuizoea, na kujengwa kwake kulikuwa na neno la kusema.

Parishi ile ilianza mwaka 1862, na kanisa tunalolizungumzia lilijengwa mwaka 1907 na 1908. Siku zile ukimwambia Mwanglikana, "Chora kanisa," alijua la kuchora: jengo refu jembamba, madirisha yenye ncha juu, mnara, na Meza ya Bwana huko mwisho kabisa. Huo ndio mtindo wa Gothiki. Wamisheni walikuja nao hata huku kwetu. Mwendao Nairobi liangalieni kanisa la All Saints, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, nanyi mtauona. Ni jengo zuri, hatulisemi vibaya. Lakini mtu akiketi nyuma katika kanisa refu namna hiyo, aweza kuhisi kwamba ibada inafanyika katika mtaa mwingine.

Mchungaji wa St. Anne wakati huo aliitwa Lawrence Skey, mtu wa upande wa kiinjili. Yeye na mchora ramani Ford Howland waliuacha mtindo huo uliozoeleka, wakarudi nyuma karne nyingi hadi kwenye mtindo wa Kibizanti, yaani wa Wakristo wa Konstantinopoli. Badala ya jengo refu walijenga jengo lenye katikati. Juu ya hiyo katikati waliweka kuba, na chini yake watu wakakaa karibu karibu, kama jamaa waliozunguka moto jioni.

Mama wa makanisa ya namna hiyo ni Hagia Sophia, maana yake Hekima Takatifu, ambalo Kaizari Justinian alilijenga Konstantinopoli kati ya mwaka 532 na 537. Liko mpaka leo katika mji unaoitwa Istanbul, na sasa ni msikiti. Mafundi wake wakuu, Anthemius na Isidore, walikuwa na shida ambayo kila mwashi anayetusikiliza ataifahamu mara moja. Kuba ni duara. Chumba kilicho chini yake ni mraba. Utaliwekaje duara juu ya mraba lisianguke? Walisimamisha nguzo nne kubwa, wakazifunga kwa matao manne. Kisha kila pembe, kati ya tao na tao, wakaijaza kwa ukuta wa pembetatu uliopinda kwenda ndani, mfano wa kipande cha ganda la chungwa. Zile pembetatu nne zikakutana juu na kufanya duara, na juu ya duara hilo kuba ikakaa. Uzito wote hushuka kwa pembe hizo nne, ukaingia katika nguzo, ukafika ardhini.

Pale St. Anne, zile pembe nne zilipewa kazi nyingine pia. Mwaka 1923 Skey aliwaita wasanii waje kulipamba kanisa, wakiongozwa na J. E. H. MacDonald. Huyu, pamoja na Frederick Varley na Franklin Carmichael waliofanya kazi naye humo, alikuwa wa Kundi la Saba, wachoraji waliopata sifa Kanada kwa kuchora misitu, maziwa na miamba ya nchi yao. Wanawake wawili wachongaji, Frances Loring na Florence Wyle, nao walikuwa na sehemu yao. Wachora miti na maji hawa waliingia kanisani wakachora habari za Yesu, jambo ambalo hawakujulikana nalo mahali pengine. Katika pembe ya kwanza Varley alichora Kuzaliwa kwa Bwana. Katika nyingine MacDonald alichora Kusulibiwa. Wenzao wakachora Kufufuka na Kupaa. Basi mtoto wa Jumapili aliyechoka na mahubiri (nasi tunajua kwamba huchoka) akiinua macho aliona kwamba kuba nzima imekaa juu ya mambo hayo manne. Mchungaji angeweza kulisema neno hilo miaka ishirini lisikumbukwe, lakini ukuta ulilisema kila wiki.

Kuna jambo lingine. Skey alikuwa mtu aliyetamani umoja wa makanisa. Mtindo wa Kibizanti ni wa zamani za kabla ya mwaka 1054, Wakristo wa Mashariki na wa Magharibi walipotengana, na wa zamani zaidi sana kuliko ugomvi wetu sisi Waprotestanti, huyu Mwanglikana, yule Mpresbiteri, yule Mmethodisti. Nanyi mwajua kwamba swali hilo hilo lilikuwa likiwasumbua wazee wetu hapa Kenya. Mnamo Juni 1913, miaka mitano tu baada ya kanisa lile kumalizika, wamisheni wa madhehebu mbali mbali walikutana Kikuyu kutafuta shirikisho. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la misheni ya Waskoti, na wasio Waanglikana wakapokea. Askofu Weston wa Zanzibar alipopata habari alikasirika mno, hata akamshitaki Peel pamoja na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema wamepotoka. Watu wa Kikuyu walijaribu kwa karatasi na mikutano kile ambacho Toronto walikiandika kwa matofali. Hatujui kama Skey alipata kusikia habari za Kikuyu, wala si kitu. Tunataka tu mfahamu kwamba watu waliolijenga kanisa lile walikuwa na shauku ambayo sisi tunaifahamu.

Sasa limeungua.

Ndugu zetu, hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Habari kama hii ikisikika, Wakristo tunalo neno letu tayari mdomoni: "Kanisa si jengo, kanisa ni watu." Ni neno la kweli. Mtume Petro anatuita mawe yaliyo hai, na Stefano alikufa akikana kwamba Mungu hukaa katika nyumba za mikono. Lakini neno la kweli likisemwa haraka huwa kama mkono unaomziba mtu kinywa.

Sisi wenyewe tumekosa hapo. Katika parishi moja tuliyotumikia zamani, upepo wa masika uliling'oa paa la kanisa usiku. Asubuhi tulimkuta mama mmoja mzee ameketi juu ya benchi lililolowa, mikono kichwani. Tulikuwa bado vijana, tumetoka chuo cha theolojia juzi juzi. Tukamwambia, "Mama, usilie. Kanisa si mabati."

Akatutazama kwa upole. "Najua, Mchungaji," akasema. "Lakini mchanga wa sakafu hii niliubeba kwa kichwa kutoka mtoni, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa tatu. Na sanduku la baba yake liliwekwa hapo unaposimama."

Hatukuwa na jibu. Tulisogea tusisimame hapo, kisha tukaketi naye. Chuoni tulikuwa tumefundishwa mengi juu ya Kanisa kwa herufi kubwa, lakini siku ile ndipo tulipojifunza kwamba ukuta waweza kushika maombi ya watu kama vile nguo ishikavyo moshi wa jikoni.

Kwa hiyo tukiwafikiria ndugu wa St. Anne, hatutaki kuwahubiria. Kwa miaka zaidi ya mia moja watu walibatizwa chini ya kuba ile, wakafunga ndoa, wakaagwa. Picha zile za mwaka 1923 haziwezi kuchorwa tena na mikono iliyozichora. Hasara ni hasara. Isaya aliwapa watu ruhusa ya kuitaja mbele za Mungu kwa jina lake, nasi hatuna haki ya kuwanyang'anya ruhusa hiyo.

Lakini tuwakumbushe pia jambo lililopata Hagia Sophia lenyewe. Kuba yake ya kwanza haikudumu sana. Matetemeko ya nchi yaliidhoofisha, na mwaka 558, miaka ishirini na mmoja tu baada ya kanisa kufunguliwa, ikaporomoka. Wakati huo Anthemius alikuwa amekwisha kufa. Kazi akapewa Isidore mwingine, kijana wa ukoo wa yule Isidore wa kwanza. Hakuirudisha kama ilivyokuwa. Aliona kwamba ile ya kwanza ilikuwa bapa mno, ikisukuma kuta kwenda nje, basi akaijenga iliyoinuka zaidi. Mwaka 562 ilikuwa imekamilika. Sehemu zake ziliporomoka tena karne za baadaye, zikatengenezwa tena, na umbo ambalo wageni wanalitazama leo ni lile la kijana Isidore.

Someni nyumbani Ezra sura ya 3, mistari ya mwisho. Msingi wa Hekalu jipya unawekwa, na vijana wanapiga kelele za furaha. Wazee walioiona nyumba ya kwanza wanalia kwa sauti kuu. Sauti hizo mbili zilichanganyika hata watu hawakuweza kuzipambanua, wala Ezra hasemi kwamba mtu yeyote aliwaambia wazee wanyamaze.

Tuombe. Ee Bwana, uwaangalie watu wa St. Anne wanaokusanyika bila kuba yao. Uwape mafundi wema, na fedha, na subira katika vikao. Uwaangalie na wale wa kwetu ambao makanisa yao yameezuliwa na upepo, au yamechomwa, au hayajapata kumalizika tangu harambee ya kwanza. Na yule mama, kama bado yu hai, umpe kiti kikavu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.