Mtoto, Lenzi za Macho na Maji ya Bomba

Wasikilizaji, mwaka 2012 Oman ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, kuwa imetokomeza trakoma, ugonjwa unaopofusha, kama tatizo la afya ya jamii. Maji safi na kunawa uso ni miongoni mwa silaha za kupambana na maradhi hayo.

Lakini kwa mtoto wa Muscat anayejifunza kuvaa lenzi za macho, maji hayo hayo ni hatari. Kijidudu kiitwacho akantamiba huweza kuishi hata katika maji ya bomba. Kikinasa chini ya lenzi, huweza kushambulia sehemu angavu ya mbele ya jicho na kuleta upofu.

Kwa hiyo mzazi humfundisha mwanawe kunawa mikono kwa sabuni, kuikausha kabisa, na kusafisha lenzi kwa dawa yake maalumu tu. Kabla ya kwenda nazo nyumbani, mtoto sharti aweze kuzivua mwenyewe. Hazivaliwi wakati wa kuogelea ufukweni Qurum, wala wakati wa kulala. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likichukia mwanga, lenzi huvuliwa na daktari wa macho huonwa siku hiyo hiyo.

Haraka haina baraka: mtoto ambaye bado husahau kunawa, miwani yamtosha.