Saumu Fupi Iliyokuwa Ndefu



Wengi huniuliza, "Huko Ulaya mwafungaje?" Nitawapa siku mbili tu.

Ramadhan ya 2001 nilikuwa London. Ilipofika Desemba jua lilikuwa likizama kabla ya saa kumi jioni. Saumu fupi, eti! Lakini hakuna adhana ya kuisikia, wala jirani wa kukugongea mlango wakati wa daku. Siku moja nilifuturu kwa tende ndani ya basi, peke yangu, machozi yakanitoka.

Juni 2016 nilikuwa Stockholm. Jua lazama saa nne usiku, lachomoza saa tisa na nusu. Hiyo ndiyo saumu ndefu! Lakini msikitini, Södermalm, Wasomali, Waturuki na Waswidi waliosilimu walinikaribisha jamvi moja, sambusa zikapita mkono kwa mkono. Wallahi, urefu sikuuhisi.

Hapo ndipo nilipojua kuwa upweke wachosha kuliko njaa. Nao hauko Ulaya peke yake. Mtaani kwako yuko mwanafunzi aliyetoka mbali, anafuturu kwa chai kavu chumbani. Leo kabla ya Maghrib, nenda kamgongee mlango.