Mulituita Kupitia Wapi?

(Mazungumzo yetu mbele ya mkutano mkuu wa chama, komini ya Kasuku, Kindu)

Mzee mwenyekiti alituomba tuzungumze juu ya simu na redio katika Maniema. Tutaanza na kosa letu, juu wengi hapa wanalijua na wamelinyamazia kwa heshima.

Msimu uliopita tulipokea mbegu za mpunga na majembe kwa ajili ya familia zilizorudi. Listi ilikuwa tayari. Tukatuma ujumbe kwa simu: fikeni Alhamisi, kila mtu na karte yake ya chama. Tukafinya, tukaona imekwenda, tukalala. Alhamisi watu wa mjini walifika wote. Wale wa barabara ya Kibombo, na wale wa ng'ambo mbali nyuma ya Alunguli, nusu hawakuonekana. Mama mmoja alifika kisha siku nne, mtoto mgongoni. Habari aliipata kwa mchuuzi wa kinga aliyepita kijijini kwake. Magunia yalikuwa yamekwisha. Hakutugombeza. Aliuliza tu: "Mulituita kupitia wapi?"

Mpunga unapandwa na mvua, haungoji listi ya pili.

Basi, tuseme namna mambo iko. Simu za mkononi zilienea katika inchi yetu kuanzia miaka ya 2000. Sheria ya mawasiliano ilitoka Oktoba 2002, na mpya ikaifuata Novemba 2020. Hapa Kindu tuko na antena, hatulalamike. Lakini antena inakula. Mji wetu hauna umeme wa kudumu, kwa hiyo antena inaishi kwa jenereta na mazutu, ao kwa jua. Mazutu yenyewe inafika kwa reli ao kwa barabara ile munaijua wenyewe. Ikichelewa, rezo inakufa, na sisi tunabaki kunyanyua simu juu sawa watu wanaoomba. Vijijini, mara nyingi sauti inapandishwa kwa sateliti na kushushwa tena, na hiyo ni gali. Kamba kubwa ya chini ya bahari, WACS, ilifika Muanda ku mwambao, upande mwingine kabisa wa inchi. Kati yake na sisi kuna pori nzima.

Na hata mahali rezo iko, kuna mkono unaoweza kuikata. Desemba 2011, wakati wa uchaguzi, ujumbe mfupi wa simu ulifungwa inchi nzima kwa majuma. Kisha kura ya 30 Desemba 2018, intaneti ikakatwa karibu siku 20. Munakumbuka tena ile RAM iliyoanza 2020: mama anaweka mayunite kidogo ya kuuliza kama mgonjwa ameamka, anakuta yamekatwa juu ya kuandikisha simu. Watu walipiga kelele mpaka ikaondolewa mwaka wa 2022.

Redio ni habari nyingine. RCD walipoingia Kindu mwaka wa 1998, sisi tulikuwa watoto. Habari ya nani anaishi na nani amekufa ilipitia foni za parokia. Ulingoja zamu, ukasema mbele ya watu wote, hata mambo ya ndoa. (Siri nyingi za mtaa tulizisikia pale, tusamehewe.) Februari 2002 Radio Okapi ikaanza, kazi ya MONUC na Fondation Hirondelle, kwa Kifaransa na kwa luga zetu ine, Kiswahili ndani yake. Inchi ilikuwa imekatwa vipande, lakini mtu wa upande huu alisikia mtu wa upande ule. Wazee wengi waliokaa hapa mbele walijua kwa redio kama njia ya kurudi imefunguka.

Lakini tusiidanganye redio pia. FM inasafiri sawa macho: kilima ikisimama mbele, inakoma. Redio ndogo za territoire zinasema saa chache tu, mpaka mafuta ya jenereta inaisha. Foni ndiyo inaruka pori, juu mawimbi yake yanagonga huko juu angani na kurudi chini mbali sana. Mashine ya zamani, betri ya gari na panneau moja ya jua vinatosha.

Sasa, neno letu kwa wafadhili. Katika mpango wa mwaka huu kumeandikwa kununua simu za androidi kwa wakubwa wa kamati zote, na michango yote ya chama kupita kwa simu. Tunajua nia ni nzuri, na hesabu itaonekana safi katika ripoti. Sisi tunaokwenda na pikipiki mpaka matope inatukataza, tunaomba mubadilishe. Mama mwingi wa chama hiki hana simu. Ile namba aliyoandikisha ni ya bwana yake, na ujumbe anausoma bwana. Mchango wake aulete mkononi, aone unaandikwa.

Feza ya zile androidi itengeneze foni mbili, moja hapa na moja ku barabara ya Kibombo, na betri zake. Inayobaki ilipe mafuta ya redio ndogo ili tangazo letu lisomwe jioni tatu zikifuatana, kwa Kiswahili. SMS tutatuma pia, lakini kila mkubwa wa kamati atapashwa kurudisha jibu. Kijiji kisichojibu, mtu anapanda pikipiki.

Mbegu za msimu ujao zitagawanywa hivyo, kama mkutano unakubali leo kisha chakula. Listi ya vijiji ambako rezo haifike iko mezani kwa katibu. Tuliiandika kwa kichwa, kwa hiyo kuna vilivyosahauliwa. Anayejua kimoja aandike jina lake mbele ya kutoka.