Mkimbizi Yupi Tumpokee?

(Hotuba iliyotolewa na mfanyakazi wa jamii kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wakati wa semina ya Kwaresima.)



Nimeombwa niseme juu ya wakimbizi. Nitaanza hapa hapa kwetu, na ule mkutano wa mwezi jana, tulipokusanya mablanketi na mahindi kwa ajili ya wakimbizi wanaoishi humu mjini. Mnakumbuka tulivyokosana. Mmoja wetu alisimama akasema, "Wale wa Sudan Kusini ni Wakristo wenzetu, wapewe. Wasomali waende kwa ndugu zao." Wengi walipiga makofi, wengine wakanung'unika. Mpaka leo mablanketi yako stoo, yamefungwa kamba.

Mimi siwezi kumlaumu aliyesema hivyo, kwa maana nimewahi kutenda hivyo hivyo. Miaka iliyopita nilikuwa nikiandikisha wakimbizi waliohitaji kusaidiwa kodi ya nyumba. Siku moja wakaja akina mama wawili. Mmoja alikuwa na rozari shingoni. Mwingine alivaa buibui, na mtoto mgongoni ana homa. Pesa zilizobaki zilitosha mmoja tu. Nikamwandika yule wa rozari, huyu mwingine nikamwambia arudi Jumatatu. Hakurudi. Baadaye nikaja kujua kwamba yule niliyemwandika alikuwa na mume mwenye kazi. Sikumwuliza. Rozari ilinitosha. Na yule mtoto, mpaka leo sijui kama alipona.

Sasa jamani, ubishi huu si wetu peke yetu. Mwaka 2015, Wasyria wengi walipokimbilia Ulaya, serikali ya Slovakia ilisema itachukua watu 200, lakini wawe Wakristo. Januari 2017 Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi kwa siku 120, na kuwafungia mlango watu wa nchi saba, Somalia ikiwa mojawapo. Wasomali waliokuwa wamekwisha kuchunguzwa na kukubaliwa, wakafika Nairobi wakingoja ndege, walirudishwa Dadaab.

Na Papa Fransisko je? Tarehe 16 Aprili 2016 alitembelea wakimbizi katika kisiwa cha Lesbos, Ugiriki. Aliporudi Roma alichukua katika ndege yake Wasyria 12, familia tatu. Wote walikuwa Waislamu. Waandishi wa habari walipomwuliza, alieleza kwamba hakuchagua kati ya Wakristo na Waislamu; familia hizo ndizo zilizokuwa na karatasi zao tayari.

Najua mtaniambia, "Dada, huko ni Ulaya. Sisi tumeumizwa." Ni kweli. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na Wakristo walitengwa ili wauawe. Mtu akiogopa baada ya hapo, tusimwite mbaya. Lakini tuseme ukweli wote. Mmoja wa wauaji wale alikuwa kijana Mkenya, mwenye shahada ya sheria, mtoto wa chifu. Na kuna Wasomali wengi walioko Dadaab kwa sababu waliwakimbia Al-Shabaab hao hao. Mwizi akiingia kwako, utamfukuza jirani aliyekuja kwako akimkimbia mwizi huyo?

Hebu tuangalie sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unamtambua kuwa mkimbizi mtu anayeogopa kuteswa kwa ajili ya rangi yake, dini, taifa, kikundi alichomo au siasa. Mkataba wa nchi za Afrika wa 1969 uliongeza wanaokimbia vita na machafuko. Swali la sheria ni hili: umekimbia nini? Sheria hiyo hiyo inamnyima hifadhi aliyefanya makosa ya kivita au uhalifu mkubwa. Kwa hiyo serikali ina haki ya kuchunguza, lakini ichunguze mtu mmoja mmoja. Februari 2017 Mahakama Kuu yetu ilipinga uamuzi wa kuifunga Dadaab, ikasema kuwalenga wakimbizi Wasomali ni ubaguzi unaovunja Katiba.

Tena tusijisahau. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka kuingia Uganda. Baadhi yao walipelekwa Kiryandongo, wakapewa mashamba ya kulima. Je, Waganda wangesema, "Tunataka kabila hili, lile lirudi," tungesikiaje?

Yule mwalimu wa sheria alimwuliza Yesu jirani yake ni yupi. Alitaka apewe mpaka. Yesu akamsimulia habari za Msamaria, mtu ambaye yeye hangetaka hata kukaa naye.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu. Kwanza, kila jumuiya itoe watu wawili wa kutembelea nyumba za wakimbizi. Waulize: mmekimbia nini, mnalala wapi, nani mgonjwa? Wasiulize mnasali wapi. Pili, wazee wa msikiti waombwe watutembeze, maana wanazijua nyumba ambazo sisi hatuzijui. Tatu, mtu akishukiwa uovu, aripotiwe yeye kwa jina lake, si taifa lake.

Ufunguo wa stoo uko kwa Baba Paroko. Naomba tukimaliza chai twende tukafungue pamoja. Kule kuna baridi, na mwezi umekwisha.