Hesabu Iwe na Shahidi



Nimealikwa hapa Habaswein, Wajir, nifunge mafunzo yenu, waandishi vijana, ya uandishi wa habari za takwimu. Kabla ya hapo nina swali kwenu na kwa watakaowasoma: mwandishi akituletea hesabu, tumpimeje hadi tumwamini?

Wajir ina sababu ya kuuliza. Februari 1984 wanaume walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa. Serikali ya Kenya ikataja vifo 57. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaripoti kwamba waliouawa walikaribia 1,000. Kwa miaka mingi, familia nyingi ziliishi na wafu ambao serikali haikuwahesabu.

Kisha tazameni sensa. Mwaka 2009 Mandera, jirani yetu, ilihesabiwa watu 1,025,756. Mwaka 2019 watu 867,457. Mwandishi mzembe ataandika kwamba watu zaidi ya laki moja na nusu wametoweka. Mwandishi wa kuaminika atachimba zaidi. Atagundua kwamba mwaka 2010 Waziri wa Mipango wakati huo, Oparanya, alifuta matokeo ya wilaya nane, tatu kati yake za Mandera, kwa sababu ongezeko lilionekana kupita kiasi. Atagundua pia kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa ilibatilisha matokeo ya 2019 ya sehemu za Mandera, Wajir na Garissa. Hesabu zote mbili zina utata, na msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo.

Idadi ya watu huingia katika mgao wa fedha za kaunti na mipaka ya maeneo bunge. Kwa hiyo kila nambari ina anayeitaka na anayeikataa, na siasa za ukoo haziko mbali.

Sokoni hapa hakuna anayenunua ngamia bila kuuliza ametoka zizi la nani. Mwandishi naye tumuulize. Amesomea wapi, na amefanya kazi na nani? Nani amelipia safari yake? Makala yake ya zamani yalisimama, au yalikanushwa? Alipokosea, alisahihisha hadharani? Kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari inatuambia kwamba ametambuliwa. Ukweli wa kila anachoandika tuutafute katika kazi yenyewe.

Tuulize pia nani alihesabu, lini, na nani aliachwa. Sensa zote mbili zilihesabu watu mahali walipolala usiku wa Agosti 24, na mfugaji hulala palipo na malisho. Anayeandika juu ya wafugaji bila kuuliza walikuwa wapi usiku huo hajamaliza kazi.

Wanangu, sheria iko upande wenu. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinawapa haki ya kuomba takwimu, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ombeni kwa maandishi, na mkipewa, mwonyesheni msomaji mlikozipata ili naye azikague. Hesabu ikiumiza ukoo wako lakini ni sahihi, ichapishe. Ikiupendeza lakini haina shahidi, iache.

Kwa maneno hayo natangaza rasmi kwamba mafunzo haya yamefungwa.