Bodi ya Pikapu na Pumzi ya Fundi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama madereva na mafundi wa gereji)



Halmashauri imeulizwa na madereva mara nyingi: bodi ya pikapu ipakwe nini ili isiliwe na kutu? Si swali dogo. Wengi wetu twabeba mawe, saruji, mbolea na mikebe ya maziwa kwa pikapu tulizonunua kwa kuchangishana. Bodi ikitoboka, na mfuko umetoboka.

Kwanza twakiri kosa letu. Pikapu yetu ya kwanza tuliipeleka kwa gereji yenye bei ya chini kuliko zote. Fundi alifagia vumbi, akapuliza dawa nyeusi juu ya kutu, na jioni tukaondoka tukijisifu. Masika yalipokwisha, dawa ilibambuka vipande vipande, na chini yake bati limekuwa unga. Hatumlaumu fundi peke yake. Sisi ndio tuliokwenda kutafuta urahisi. Basi sikilizeni tuliyojifunza.

Namna ziko tatu. Ya kwanza ni plastiki nzima inayotumbukizwa ndani ya bodi kama sinia. Huwekwa upesi na huweza kutolewa. Lakini maji na mchanga hujificha chini yake, gari likitikisika plastiki husugua rangi, na kutu hula bodi bila mwenyewe kuona. Aliye nayo na aitoe mara kwa mara, aoshe na kukausha.

Ya pili ni dawa ya makopo, ambayo fundi huchanganya na kigumishi na kuipuliza kwa upepo bila kuipasha moto. Bei yake ni nafuu nayo yafaa kazi nyepesi, lakini utando wake ni mwembamba.

Ya tatu ni poliyurea au poliyurethini ya mashine. Dawa mbili hupashwa moto, husukumwa kwa nguvu nyingi, na hukutana penye bunduki ya kupulizia. Poliyurea hushika kwa sekunde chache tu. Utando huu huwa kama milimita 3, nao ndio wa mtu wa mawe na vyuma.

Mtu asidanganywe; apige hesabu. Bodi yenye mita za mraba 7, sakafu na kuta pamoja, kwa unene wa milimita 3 yataka lita 21. Fundi akija na kopo la lita 4, hapo hakuna hata milimita moja.

Tena dawa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutayarisha. Mafuta yaoshwe, kutu isuguliwe mpaka chuma kionekane, msasa upigwe mpaka mng'aro wote uondoke, na chuma kilicho wazi kipakwe praima. Bodi iwe kavu. Matundu ya kutolea maji yafunikwe wakati wa kupuliza, kisha yafunguliwe. Kutu iliyofunikwa haifi. Huendelea kula gizani.

Sasa, ndugu, jambo lililo kubwa kuliko bodi. Ndani ya dawa hizi za kupuliza mna kitu kiitwacho isosayaneti. Mvuke na matone yake yakiingia kifuani huweza kuleta pumu. Fundi huanza kukohoa, kifua kubana na kupiga mluzi, pengine usiku akiwa amekwisha fika nyumbani. Akipumzika hupata nafuu, akirudi kazini humrudia. Na mwili ukishaikataa dawa hiyo, hata kiasi kidogo huweza kumwangusha. Mwaka 2003, katika jimbo la Michigan, Marekani, mfanyakazi mmoja alikufa kwa pumu baada ya kupuliza dawa hii ndani ya gari. Mwaka 2006 taasisi ya serikali ya huko inayochunguza afya ya wafanyakazi, NIOSH, ilitoa onyo kwa wote wafanyao kazi hiyo.

Kitambaa puani hakizuii kitu. Barakoa ya vumbi haitoshi. Fundi anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, glavu, nguo za kufunika mwili, na chumba chenye feni ya kutoa mvuke nje. Msaidizi wake na wapita njia wasikae karibu. Wala hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa, na sheria ya fidia ya mwaka huohuo yahesabu pia ugonjwa unaotokana na kazi. Mwenye dalili hizi aende kwa daktari amwambie kazi anayoifanya, kisha alete habari chamani.

Kwa hiyo, ndugu madereva, kabla ya kuuliza bei ulizeni mambo mawili: nionyeshe chuma kabla hujapuliza, na nionyeshe barakoa utakayovaa. Gereji isiyo na la kwanza itakula fedha yako. Isiyo na la pili inapunguza bei kwa pumzi ya mwenzako, naye ni mwanachama kama wewe. Tukikataa sote bei ya namna hiyo, tajiri atanunua barakoa.